Mla Baga na Shahidi Wake

Mnamo mwaka 2004 filamu ya hali halisi iliyogharimu takriban dola 65,000 ilizuka nchini Marekani na kuitia kiwewe kampuni yenye mikahawa katika zaidi ya nchi 100. Filamu hiyo, Super Size Me ya Morgan Spurlock, ilionyeshwa mara ya kwanza Januari mwaka huo katika tamasha la Sundance, ikampatia Spurlock tuzo ya uelekezaji, na mwaka uliofuata ikawa miongoni mwa zilizoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Tangu hapo imekuwa ikionyeshwa shuleni na vyuoni kana kwamba ni sura ya kitabu cha afya. Mwalimu huifungua, wanafunzi hucheka, hushtuka, hukunja nyuso pale mhusika anapotapika, kisha kengele hulia na somo la lishe huhesabiwa kuwa limefundishwa.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba filamu hiyo imewekwa kwenye rafu isiyo yake. Si ripoti ya maabara. Ni masimulizi, tena ya kishujaa, yenye kiapo, masharti, majaribu na jeraha. Na mtu anayestahili kuihakiki kwanza ni mwanafunzi wa fasihi kabla haijakabidhiwa daktari. Pasipo kusomwa hivyo, mtazamaji hupata hasara mara mbili: huamini yasiyostahili kuaminiwa, na baadaye, siri ya msimulizi inapofichuka, huyakana hata yaliyo kweli. Hasara hii ya pili ndiyo iliyowapata wengi.

Chanzo cha kisa chenyewe kilikuwa mahakamani. Mwaka 2002 wasichana wawili wa New York waliishtaki McDonald's wakidai kwamba chakula chake kiliwanenepesha na kuwadhuru. Jaji Robert Sweet aliitupilia mbali kesi hiyo mwaka 2003, ingawa mahakama ya rufaa ilikuja kuirejesha sehemu yake mwaka 2005. Jaji hakusema kwamba chakula kile ni kizuri. Katika uamuzi wake alifika hata kukifananisha kitafunio kimoja cha kuku cha kampuni hiyo na kiumbe cha Frankenstein, yaani kitu kilichoungwaungwa kwa viambato ambavyo mpishi wa nyumbani hanavyo. Alilosema ni kwamba mtu anayejua madhara ya kula kupita kiasi, kisha akala, hawezi kumlaumu muuzaji. Hata hivyo aliuacha mlango wazi kidogo: iwapo ingeonyeshwa kwamba kampuni inakusudia watu wale chakula chake kila mlo, kila siku, na kwamba kufanya hivyo ni hatari kupita kiasi, pengine dai lingesimama. Spurlock aliusukuma mlango huo kwa tumbo lake.

Masharti aliyojiwekea yanafahamika. Kwa muda wa siku 30, kuanzia Februari 2003, angekula mara tatu kwa siku. Asingekula wala kunywa kitu chochote kisichouzwa McDonald's, hata maji. Angeonja kila kilichomo katika orodha ya vyakula angalau mara moja. Angekubali kipimo kikubwa kabisa, kile kilichoitwa super size, iwapo tu muuzaji angemwuliza. Na asingetembea kupita hatua zipatazo 5,000 kwa siku, ili alingane na Mmarekani wa kawaida. Madaktari watatu na mtaalamu mmoja wa lishe walimpima kabla, wakati na baada ya jaribio. Alikuwa na umri wa miaka 32, mwenye afya, na mchumba wake Alexandra Jamieson alikuwa mpishi wa vyakula visivyo na nyama, maziwa wala mayai. (Mlo wa mwisho aliomwandalia kabla ya kiapo kuanza unafanana sana na karamu ya kumuaga mtu aendaye vitani, na hapana shaka mwelekezaji aliliona hilo.)

Msomaji aliyepitia fasihi simulizi atayatambua mara moja mazingira haya. Ngano za Kiafrika zimejaa wahusika waliopewa miiko: usigeuke nyuma, usifungue kibuyu hiki, usijibu ukiitwa. Mwiko ndio unaoizaa hadithi. Bila kiapo cha siku 30, mtu anayekula baga ni mtu anayekula baga. Akishaapa, kila tonge lina matokeo na hadhira inahesabu. Siku ya pili Spurlock anashindwa na mlo wa kipimo kikubwa, anautapika kupitia dirisha la gari, na mtazamaji anajua kwamba safari imeanza. Siku ya 21 anaamka usiku moyo ukimwenda mbio, na daktari anamsihi aache. Haachi. Anamaliza akiwa ameongeza kilo 11, kutoka takriban 84 hadi 95, na kolesteroli yake imefika 230. Ini limejaa mafuta, na hamu ya mapenzi imefifia, jambo ambalo mchumba wake analieleza mbele ya kamera pasipo kuuma maneno. Ilimchukua miezi kadhaa kuupunguza uzito huo, na kilo mbili za mwisho zilikuwa ngumu kuliko zote.

Huu ni usimulizi wa hali ya juu. Lakini usimulizi si ithibati. Ndani ya filamu hiyohiyo yumo mwanamume mwembamba aliyekwisha kula Big Mac zipatazo 19,000 katika maisha yake, naye ana afya ya kuridhisha. Spurlock anampitisha upesi kama kichekesho. Mhakiki makini angemwuliza: ikiwa mwili wa mtu mmoja unatosha kuihukumu kampuni, kwa nini mwili wa mwingine usitoshe kuiachilia? Mwaka 2009 Tom Naughton alitoa filamu ya kumjibu, Fat Head, ambapo alikula vyakula vya aina iyo hiyo kwa mwezi mmoja huku akidhibiti kiasi, akapungua uzito. Naughton alitaka pia kuiona orodha kamili ya vyakula alivyokula Spurlock, kwa kuwa filamu inadai kalori zipatazo 5,000 kwa siku. Orodha hiyo haikutolewa. Msimulizi wa ngano halazimiki kutoa orodha. Anayedai kuleta ushahidi analazimika, na hapo Spurlock alitaka heshima ya mwanasayansi bila kulipa gharama yake.

Doa kubwa zaidi lilikuwa bado linakuja. Mapema katika filamu, daktari anamwuliza kuhusu pombe. Spurlock anajibu kwamba kwa sasa hanywi kabisa. Jibu ni fupi, halina mkazo, na mtazamaji hulisahau papo hapo. Desemba 2017, katika waraka wa kukiri makosa yake, hususan aliyowatendea wanawake, Spurlock aliandika kwamba alikuwa akinywa pombe tangu umri wa miaka 13, na kwamba kwa miaka 30 hakuwahi kukaa zaidi ya wiki moja bila kulewa. Mwaka 2003 umo ndani ya miaka hiyo 30. Hesabu haihitaji karatasi.

Ikumbukwe sasa kile kilichowatisha madaktari kuliko yote. Halikuwa tumbo, lilikuwa ini. Mmoja wao, akistaajabia vipimo, alisema kwamba asingetarajia chakula kiliharibu ini namna ile, na akamlinganisha Spurlock na mlevi aliyeamua kunywa hadi afe. Wakati huo ulinganisho huo ulisikika kama tashbihi kali ya kuonyesha ubaya wa mafuta. Baada ya 2017 unasikika vingine kabisa. Tashbihi ilikuwa imekaribia mno kuwa maelezo. Daktari alinyimwa habari aliyoihitaji kuliko zote, akalazimika kulitia kosa lote kwenye sahani. Ni dhuluma kwa daktari, na ni dhuluma kwa hadhira. Mhakiki anayejua istilahi zake atasema kwamba Spurlock ni msimulizi asiyeaminika. Ila msimulizi asiyeaminika wa riwaya ni mbinu ambayo mwandishi huipanga kwa makusudi na kumwachia msomaji alama za kuitambua. Huyu wa filamu aliificha siri yake hata kwa waliokuwa wakimpima damu.

Baada ya kukiri kwake, baadhi ya waandishi wa magazeti ya Marekani walikimbilia hitimisho lililowapendeza: basi baga haina hatia. Hapa ndipo inapofaa kusimama, maana kosa hili la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Uongo wa shahidi haugeuzi jambo kuwa halikutendeka. Hutaka tu aitwe shahidi mwingine. Na mashahidi wengine wapo. Katika Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi, Fredrik Nyström na wenzake waliwachukua watu 18 wenye afya, wakawataka wale vyakula vya mikahawa ya aina hiyo angalau mara mbili kwa siku kwa wiki nne, wakilenga kuzidisha kalori zao mara mbili na kupunguza mazoezi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Watu 11 kati ya hao 18 vipimo vyao vya kimeng'enya cha ini vilipita kiwango cha kawaida. Kwa hiyo lile jambo ambalo Spurlock hakustahili kuaminiwa juu yake, yaani kwamba ulaji wa namna ile unaweza kulisumbua ini kwa muda mfupi mno, lilithibitishwa na watu ambao hawakuwa na filamu ya kuuza. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake, katika taasisi ya taifa ya utafiti wa afya nchini Marekani, walitoa matokeo ya utafiti wa watu 20 waliokaa chini ya uangalizi kamili. Walipopewa vyakula vilivyosindikwa mno viwandani na kuambiwa wale watakavyo, walikula kalori takriban 500 zaidi kwa siku kuliko walipopewa vyakula visivyosindikwa, na katika wiki mbili wakaongeza karibu kilo moja. Hakuna aliyelazimishwa kumaliza sahani. Hakuna aliyekuwa na kiapo.

Utafiti huo wa Hall unaigusa hoja ambayo Spurlock aliiona lakini akaipitia juu juu, kwa sababu haina matapishi wala daktari mwenye macho yaliyomtoka. Hoja yenyewe ni ya kipimo na ya kuulizwa. Kwa siku 30 alitakiwa kukubali super size akiulizwa tu, na aliulizwa mara tisa. Mara tano kati ya hizo zikiwa Texas. Soda ya kipimo hicho ilipita lita moja na robo kasoro kidogo. Hapana aliyemshika mkono. Aliulizwa swali la upole na mtu aliyevaa sare, akaitikia.

Anayeishi katika jamii ya Waswahili na majirani zao analijua swali linalofanana na hilo, nalo ni la nyongeza. Mama muuza sukuma wiki sokoni humpimia mteja, kisha akachopoa majani mawili matatu na kuyatupia juu ya fungu. Hiyo ni nyongeza. Haiulizwi na hailipiwi. Ni muhuri wa uhusiano, na mteja asiyeipata huhisi kwamba amekosewa adabu. Super size inaiga sura ya nyongeza huku imekinzana nayo kwa kila kitu. Inatolewa kama hisani, lakini inalipiwa. Inampa mteja hisia kwamba amepata faida, maana senti chache zimezaa vibanzi vingi. Na kwa hesabu ya mfuko kweli amefaidi. Anayelipa tofauti ni mwili, tena kwa muda mrefu. Tashtiti ya kweli ya filamu hii imelala hapa. Inasikitisha kwamba mwelekezaji aliithamini chini ya mzaha wa watoto waliomtambua mara moja kinyago wa McDonald's lakini wakababaika walipoonyeshwa picha ya Yesu, mzaha unaochekesha lakini usiofichua mengi.

McDonald's ilitangaza Machi 2004 kwamba ingeondoa kipimo hicho kufikia mwisho wa mwaka. Tangazo lilikuja baada ya Sundance na kabla filamu haijafika katika majumba ya sinema Mei mwaka huo. Kampuni ilisema kwamba nia yake ilikuwa kurahisisha orodha ya vyakula na kwamba filamu haikuhusika. Mwezi huohuo wa Machi, baraza la wawakilishi la Marekani lilipitisha mswada wa kuwazuia wateja kuishtaki mikahawa kwa sababu ya unene, ingawa seneti haikuupitisha. Yaani wakati wabunge wakijenga ukuta kuilinda kampuni na wateja, kampuni yenyewe ilikuwa ikikiondoa kimyakimya kitu ambacho mteja angekishika mkononi na kukionyesha jaji.

Suala la lugha nalo haliwezi kuachwa na jarida la Kiswahili. Tafsiri iliyozoeleka, vyakula vya haraka, imechukuliwa moja kwa moja kutoka Kiingereza, na inapotosha. Haraka ni ya nani? Maharagwe ya kibandani yamechemka tangu alfajiri, lakini mteja akiketi hupakuliwa katika dakika moja. Kwa kipimo cha saa, hicho ni chakula cha haraka kuliko baga inayosubiri kukaangwa. Mhogo wa kukaanga wa pwani, mahamri na mbaazi, yai la kuchemsha linalopasuliwa na kutiwa kachumbari barabarani, vyote hununuliwa na kuliwa upesi, na si jambo la busara kuvitia katika kapu moja na vile alivyovila Spurlock. Uharaka sio ugonjwa. Kinachopaswa kutajwa ni usindikaji, mafuta, chumvi, sukari na kipimo. Istilahi inayotaja upesi peke yake humwachia mwenye hatia njia ya kutokea na kumnasa muuza mahamri asiye na hatia. Wanaistilahi wanaojishughulisha na masuala ya afya wangefanya vyema kulifikiria neno hili upya badala ya kulirithi.

Na je, filamu hii inamhusu vipi mtazamaji wa Kenya? Si kwa njia anayodhani. McDonald's haina mkahawa nchini. KFC iliingia Nairobi mwaka 2011, na Januari 2022 ikajikuta haina vibanzi kwa sababu viazi vyake viliagizwa kutoka ng'ambo na meli zikachelewa. Wakenya walipandwa na hasira katika mitandao, na hasira yenyewe ilikuwa kwa niaba ya wakulima wa viazi: mbona Nyandarua ilime, na vibanzi vitoke kwingine? Ilikuwa hasira ya haki. Lakini katika kelele zote zile, swali la vibanzi hivyo hufanya nini vikishaliwa halikupata nafasi. Mjadala ulihusu nani auze.

Kwa mantiki ya Spurlock, adui ana jina, nembo na makao makuu, kwa hiyo anaweza kuaibishwa. Sheria za Marekani zimefuata mantiki iyo hiyo: New York iliilazimisha mikahawa yenye matawi mengi kuonyesha kalori kwenye orodha za vyakula mwaka 2008, na tangu 2018 sharti hilo ni la nchi nzima kwa kampuni zenye matawi 20 au zaidi. Mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kenya anayetoka maktabani saa tatu usiku akiwa na njaa hakutani na kampuni ya matawi 20. Anakutana na kijana mwenye karai, mafuta yaliyokwisha kukaanga mara nyingi, na sahani ya vibanzi yenye bei ambayo ugali na mboga vya bweni haviwezi kushindana nayo kwa utamu. Kijana yule hana makao makuu. Hana orodha ya vyakula ya kubandikwa kalori. Ni jirani, mara nyingine ni mwanafunzi mwenza anayejitafutia karo. Kumwelekezea kamera kama Spurlock alivyowaelekezea wauzaji wake kungekuwa ukatili bila faida. Yeyote atakayetaka kutunga kwa Kiswahili kisa cha ulaji wa siku hizi itambidi amtafute mhusika mwingine, na mwiko mwingine, maana anayekula vibanzi kwa miaka minne hana siku 30 za kuhesabu wala kiapo cha kukivunja.

Spurlock alifariki dunia tarehe 23 Mei 2024 kutokana na matatizo yaliyosababishwa na saratani, akiwa na umri wa miaka 53. Filamu yake itaendelea kuonyeshwa, na inastahili; ina ucheshi, ina ujasiri wa aina yake, na iliuliza swali la wakati wake. Wahadhiri watakaoionyesha wangefanya vyema kuisimamisha pale mwanzoni, daktari anapouliza kuhusu pombe na mgonjwa anapojibu. Iachwe hapo kwa dakika tano, darasa lielezwe kuhusu waraka wa 2017, kisha iendelee hadi kwenye kipimo cha ini.